Chungu Kimoja, Mirija Mingi

Kuanzia kimpumu ya Kyela hadi kibuyu cha Argentina, vinywaji vya asili vina siri moja ambayo wapendanao wa siku hizi tumeanza kuisahau.

Hebu jiulize, msomaji: mara ya mwisho wewe na mwenzako mlikunywa kutoka kwenye chombo kimoja ni lini? Sizungumzii kuonja soda yake wakati amekwenda kunawa mikono. Nazungumzia kukaa chini, chombo kikiwa katikati, kila mmoja akijua mwenzake naye anakunywa humohumo.

Wengi wetu hatukumbuki. Ijumaa jioni tunakaa meza moja, huyu na chupa yake, yule na glasi yake, simu mbili mezani. Masaa mawili yakipita tunalipa bili na kusema eti tumetoka wote. Kutoka wote sawa, tumetoka. Lakini tulikuwa pamoja?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo. Ila ukizunguka dunia ukiangalia watu wanakunywa nini na wanakunywaje, utagundua kwamba wazee wa mataifa mengi walilifikiria sana. Na huna haja ya kukata tiketi ya ndege kwenda mbali ili uanze kulielewa. Anzia Kyela.

Kimpumu ni nini hasa?

Ukitoka Mbeya mjini, unapita Uyole, unaingia Rungwe kwenye baridi, chai na migomba, kisha barabara inaanza kushuka. Kadiri unavyoshuka ndivyo sweta inavyokuwa mzigo. Ukifika Kyela ni joto, mashamba ya mpunga, michikichi, miti ya kakao, na mbele yako Ziwa Nyasa limetanda hadi macho yachoke. Mchele wa huku unaujua, maana hakuna muuza mchele Dar asiyedai wake ni wa Kyela. Kinywaji cha huku pengine hukijui.

Kimpumu ni pombe nzito ya nafaka, na moyo wake ni ulezi. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kinachanganywa na unga uliopikwa, mchanganyiko unaachwa uchachuke. Kinachopatikana mwisho wa siku hakimiminwi kwenye glasi kama bia. Ni kitu kizito chenye machicha, kinawekwa kwenye chombo, kinamiminiwa maji ya moto, halafu mnazamisha mirija. Mrija unavuta kinywaji, machicha yanabaki chini. Kikipungua, maji ya moto yanaongezwa na maongezi yanaendelea.

Ndiyo, maji ya moto, na kwenye joto la Kyela! Mgeni hushangaa. Lakini maji ya moto yana faida moja ambayo bia ya baridi haina: huwezi kuyagugumia. Utavuta kidogo, utangoja, utasikiliza mwenzako anasema nini, utavuta tena. Mwendo wa kinywaji unakuwa mwendo wa mazungumzo.

Na chombo je? Mashariki ya Kyela, ng'ambo kidogo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi, watu ambao wanawake wao wamefinyanga vyungu kwa vizazi na vizazi. Siku ya Jumamosi vyungu vyao hufika soko la Lyulilo pale Matema, na kutoka hapo husambaa kufuata ziwa na barabara. Siku hizi ndoo na jagi la plastiki vimeingia kila mahali, hata vilabuni. Lakini ukitaka kuona chungu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu kukizunguka, nenda Matema.

Ukwangala

Wanyakyusa wana neno ambalo ningependa kila wapendanao walijue: ukwangala. Maana yake ni kufurahia kuwa na wenzako. Kukaa nao, kula nao, kunywa nao, kuzungumza bila haraka. Wataalamu wawili, Godfrey na Monica Wilson, waliishi kati ya Wanyakyusa na kuwachunguza katika miaka ya 1934 hadi 1938. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu na kukipa jina la Good Company, yaani kuwa na wenzi wema, akiwa na wazo hilohilo la ukwangala kichwani.

Kitabu hicho kinaeleza jambo lililowashangaza wengi: vijiji vya marika. Vijana wa kiume wakifika miaka kumi na kitu walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazazi. Walilala huko, wakaenda kula makwao kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Walikua pamoja, wakaoa, wakaendelea kuishi na rika lao hadi uzee. Katika maisha ya namna hiyo, mtu anayekula na kunywa peke yake hakuonekana mtu wa maana. Alionekana mchoyo, au mtu wa kutiliwa shaka.

Kwa hiyo usidhani kukaa kukizunguka chungu ilikuwa njia tu ya kulewa. Ilikuwa namna ya kuonyesha kwamba tuko sawa, hatuna kinyongo, hakuna kilichofichwa. Unaweza kumchukia mtu na bado ukanywa bia meza moja naye. Kunywa chungu kimoja na mtu usiyemwamini ni kazi ngumu zaidi.

Dunia nzima na mrija wake

Sasa shika hiyo picha ya chungu, maji ya moto na mirija, tusafiri nayo.

Kituo cha kwanza ni jirani: Teso, mashariki ya Uganda. Pale pombe ya ulezi inaitwa ajon, na ukifika Kampala utasikia wengi wakiiita malwa. Chungu kinakaa katikati, watu wanakizunguka kwenye viti, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye chujio mwishoni. Maji ya moto yanaongezwa, kama Kyela tu.

Kituo cha pili ndipo utakapopigwa na butwaa. Panda hadi milima ya mashariki ya Nepal, kwa watu wanaoitwa Walimbu. Kinywaji chao cha heshima ni tongba. Nafaka iliyopikwa na kuchachushwa inajazwa kwenye chombo chenye umbo la pipa dogo, inamiminiwa maji ya moto, inanyonywa kwa mrija. Maji yakiisha wanaongeza mara kadhaa, mpaka ladha ifike mwisho. Mgeni anayepewa tongba amekaribishwa kweli. Na nafaka yenyewe ni ipi? Ulezi! Ulezi ni zao la kwetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na ulivuka bahari kwenda Asia maelfu ya miaka iliyopita. Yaani yule Mlimbu anayejipasha moto kwenye baridi ya Himalaya anakunywa nafaka ya ukoo mmoja na ile ya Mnyakyusa aliyeketi kwenye joto la ziwa.

Na usifikiri mrija ni mambo ya kijijini. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, Iraki ya leo, palipatikana mirija ya kunywea bia katika kaburi la Malkia Puabi, aliyeishi miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Huko Maikop, Urusi, mwaka 1897 kaburi moja lilifukuliwa likiwa na mabomba manane ya dhahabu na fedha, kila moja likipita urefu wa mita 1. Kwa zaidi ya karne watu walibishana ni ya kazi gani. Mwaka 2022 watafiti walitoa jibu: inaelekea ilikuwa mirija ya kunywea bia kwa pamoja kutoka chombo kimoja. Mmoja wa mabomba hayo ulikutwa na chembe za wanga wa shayiri. Mfalme mzima, na dhahabu yake yote, alizikwa na mirija minane. Angekuwa mtu wa kunywa peke yake, mmoja ungemtosha.

Sasa tuvuke hadi Amerika ya Kusini, ambako kinywaji chenyewe hakina kilevi. Argentina, Uruguay na Paraguay wanakunywa mate. Usicheke, ndilo jina lake. Ni majani makavu yanayowekwa kwenye kibuyu kidogo, yanamiminiwa maji ya moto, yananyonywa kwa mrija wa chuma uitwao bombilla. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja. Mtu mmoja ndiye mwenye kumimina: anajaza, anakupa, unakunywa mpaka uishe, unamrudishia, anajaza tena na kumpa anayefuata. Ukimwambia ahsante maana yake umetosheka, hutapewa tena. Wageni wengi wenye adabu zao wamebaki na kiu kwa sababu ya neno hilo moja.

Ukirudi Afrika, Ethiopia inakusubiri na kahawa. Buni zinakaangwa mbele yako, moshi unazungushwa kila mtu auvute, zinatwangwa, zinachemshwa, na kunywa ni mara tatu: abol, tona, baraka. Kuondoka kabla ya baraka si vizuri. Kwa hesabu ya haraka, sherehe hiyo inakula muda wa filamu nzima. Na ndiyo maana yake: wanakupa kahawa, lakini wanachokupa hasa ni muda wao.

Umeona kinachofanana? Ajon, tongba, mate, kahawa ya Ethiopia, kimpumu. Kila kimoja kimepangwa ili mtu asiweze kukinywa haraka. Chombo ndicho kinachoamua unywaji.

Na upande wa pili tunaujua. Tanzania tuliwahi kuwa na viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali. Kiroba kilitosha mfukoni, kilitosha kinywaji cha mtu mmoja, kilinyweka kwa siri ndani ya daladala au nyuma ya ofisi, saa nne asubuhi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Linganisha kiroba na chungu. Vyote ni pombe, na pombe ni pombe. Lakini kimoja kimetengenezwa ili usionekane, kingine hakiwezekani bila kuonekana.

Tusidanganyane kuhusu zamani

Kabla hujaanza kusema zamani raha, ngoja kidogo. Chungu cha zamani hakikuwa cha kila mtu. Kwa kawaida aliyeota ulezi, akasaga, akakoroga, akachota maji na kukata kuni alikuwa mwanamke. Waliokaa kukizunguka wakisifiana walikuwa wanaume na marika yao. Mke alipika ukwangala wa mumewe.

Kulikuwa na mipaka mingine pia. Kwa mila ya Kinyakyusa, mkwe wa kike alimwepuka baba mkwe wake kwa heshima kali: hakutakiwa kukutana naye uso kwa uso wala kutamka jina lake. Kukaa naye chungu kimoja lilikuwa jambo lisilofikirika. Leo mambo yamelegea sana, lakini dada, kama umeposwa na kijana wa Kyela na unakwenda ukweni mara ya kwanza, usikimbilie kukaa kiti cha pembeni ya mzee ili uonyeshe umechangamka. Muulize mwenzako mapema nyumbani kwao wanafuata nini. Na wewe kaka, usingoje aumbuke ndipo umwambie.

Halafu kuna pombe yenyewe. Kunywa pamoja hakujawahi kumzuia mtu kulewa. Wapo waliokaa kwenye chungu kizuri cha ukwangala hadi ada ya mtoto ikaishia humo, na wapo wanawake waliolipa ada hiyohiyo kwa kupika na kuuza. Vyote viwili ni kweli na viko kwenye kilabu kimoja.

Kwa hiyo tunachoweza kukichukua kutoka kwa wazee si lazima kiwe pombe, na si lazima kiwe mpangilio wao wa nani anapika na nani anakaa. Tunaweza kuchukua chombo kimoja, mwendo wa polepole, na macho yanayotazamana. Wapendanao wa leo tuna bahati moja ambayo bibi na babu hawakuwa nayo: tunaweza kupika wote na kukaa wote.

Anzeni na togwa

Kwa wasiokunywa pombe, na kwa mama mjamzito ambaye pombe haimhusu kabisa, kusini yetu imejaliwa togwa. Hata ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, kwa Wangonde wa Karonga ambao lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu wa damu, utakuta inaitwa thobwa. Jirani mnaweza kubishana hata jina la ziwa, ila togwa haina ubishi.

Mnahitaji unga wa mahindi vikombe 2, maji lita 3 na kimea cha ulezi kikombe 1. Kimea kinapatikana sokoni. Chagua kikavu kisichonuka ukungu.

Mmoja apike uji mzito kiasi, uchemke kama nusu saa hadi uive sawasawa. Mwingine aandae chungu au sufuria safi yenye mfuniko. Epueni uji, mwacheni upoe hadi uwe wa vuguvugu, kiasi cha kidole kukaa ndani bila kuungua. Hapa ndipo wengi wanaharibu: uji ukiwa wa moto sana unaua nguvu ya kimea, ukiwa wa baridi kimea kinalala. Koroga kimea kidogo kidogo. Utaona maajabu, uji mzito unageuka mwepesi machoni pako, maana kimea kinavunja wanga na kuufanya sukari. Funika, acha usiku kucha. Asubuhi ni tamu bila hata kijiko cha sukari. Siku ya pili inaanza uchachu mzuri. Ikizidi hapo inaelekea kwenye kilevi, kwa hiyo inyweni mapema.

Kakao: tunaiuza, tuinywe pia

Kuna kinywaji kimoja kikubwa cha dunia ambacho Kyela inakilima kwa wingi kuliko wilaya nyingine nchini, halafu sehemu kubwa inapanda meli kwenda nje: kakao. Tumezoea kufikiri kakao ni chokoleti ya kutafuna. Kumbe chokoleti ya kipande ilitokea Uingereza mwaka 1847, katika kiwanda cha Fry. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, watu wa Mexico na Amerika ya Kati waliinywa kakao. Waliimimina kutoka chombo cha juu hadi cha chini ili ipate povu, na wengine walitia pilipili.

Na sikiliza hii, wewe mwenye kadi za harusi mezani: katika michoro ya kale ya Wamixteki wa Mexico, bibi harusi anaonekana akimkabidhi bwana harusi chombo cha kakao yenye povu. Ndoa ilifungwa kwa kikombe.

Ukipata mbegu za kakao zilizochachushwa na kukaushwa, zikaangeni kwa moto mdogo kama karanga hadi maganda yaachie. Menyeni, twangeni kwenye kinu hadi ziwe laini na zianze kutoa mafuta. Chemsheni kijiko kimoja au viwili kwenye maziwa, tieni sukari kwa upendo wenu, na mimineni juu chini mara kadhaa hadi povu lipande. Kikombe kiwe kimoja.

Mkienda Kyela wawili

Nendeni kiangazi. Masika ya Kyela si mchezo, na njia za pembeni hugeuka tope. Ukitokea Dar kwa ndege utashukia Songwe, kisha ni barabara.

Jifunzeni maneno mawili: ugonile, ya kusalimia, na ndaga, ya kushukuru. Mkiyasema kwa tabasamu, nusu ya safari imelipwa.

Mkikaribishwa kimpumu, hakikisheni maji yamechemka kweli na kila mtu ana mrija wake uliosafishwa. Anayeendesha gari asinywe, aombe togwa. Msinywe na njaa: ulizeni ndizi za kupika na samaki aina ya mbasa kutoka ziwani. Na kama mwenzako hanywi, usimlazimishe. Ukwangala wa kulazimishana haupo.

Jumamosi pitieni Lyulilo, mnunue chungu kimoja cha Wakisi. Kimoja tu, si viwili vinavyofanana. Kifungeni vizuri kwa safari, maana kinavunjika. Mkifika nyumbani kiwekeni mahali mnapopaona kila siku, na mchague jioni moja ya wiki ambayo kitakuwa katikati yenu, kiwe na togwa, kakao, au hata chai ya Rungwe. Simu zikae chumba kingine.

Haya, mirija mnayo. Kazi kwenu!